Kasipiyu kadogo kwa laki sita na nusu, nanunua au napigwa?

BARUA

Shikamoo Anko Fundi,

Mi ni msomaji wako wa siku nyingi, niko Morogoro, nina steshenari karibu na hosteli za wanachuo. Kazi zetu unazijua, kopi, kuprinti, kubaindi, kulamineti, paspoti saizi za bluu kwa nyuma, na msimu wa mikopo ya bodi ukifika ndo tunalala dukani kabisa maana vijana wanakuja na vyeti kwenye mfuko wa rambo hawajui hata waanzie wapi, unamfungulia imeli, unamskania, unampandishia kila kitu, siku moja unaweza ukahudumia watoto arobaini na chai hujanywa.

Sasa anko mwezi uliopita umeme ulikatika, ukarudi, ukakatika tena, ulivyorudi mara ya tatu ile sipiyu yangu ya miaka sita ikalia pah! mara moja tu, harufu ya waya kuungua ikajaa duka zima. Fundi wa hapa mtaani akaifungua akasema pawasaplai imekufa na imeondoka na mothabodi, dada tafuta nyingine. Basi. Tangu siku hiyo natumia laptopu ya mdogo wangu ambayo herufi A haishuki mpaka uikandamize kama unaua chawa, we fikiria kuandika barua za maombi ya kazi za watu kwa staili hiyo, nusu ya wateja nimewarudisha.

Kikoba chetu kimevunjwa juzi nikapata 1,200,000. Nikapanda treni asubuhi nikaenda Dar, nikazunguka Kariakoo mpaka miguu ikawaka moto. Kuna duka moja kijana akaniwekea mashine mbili juu ya kaunta. Moja ni sipiyu kubwa kama ile yangu, anasema laki tatu na themanini. Nyingine anko sijawahi kuona, kasipiyu kadogoo, ukubwa wake ni kama kauntabuku la kwaya tatu ulilokata katikati, akakashika kwa kiganja kimoja akaniambia dada hii ndo ofisi za Ulaya wanatumia, unakaning'iniza nyuma ya monita mezani pako panabaki peupe, umeme wako unashuka nusu, halafu hakapigi kelele. Bei laki sita na nusu. Nikamwambia mbona hako kadogo ndo kana bei kubwa? Akacheka akasema dhahabu nayo ni ndogo.

Sikununua. Nikapiga picha zile karatasi zilizobandikwa nikarudi nazo. Kubwa imeandikwa Core i5 4570, RAM 8GB, HDD 500GB. Ndogo imeandikwa Core i5 6500T, RAM 8GB, SSD 256GB, Windows 11. Zote ni yuzdi. Zote i5 na RAM ni nane kwa nane, sasa hiyo laki mbili na sabini ya juu nalipia nini?

Nyumbani nako ndo vita. Mume wangu anasema hiyo ni kununua dagaa kwa bei ya sato, nichukue kubwa hela inayobaki niongezee rimu za karatasi. Shemeji yangu ambaye anajifanya mjanja wa haya mambo anasema niachane na yuzdi nijikakamue nichukue Mac mini, eti nitasahau shida maisha yangu yote. Fundi wa mtaani anasema laptopu maana ina betri yake na umeme wetu unaujua.

Kaunta yangu ni futi sita na karibu nusu imekaliwa na mashine ya kopi. Monita ninayo, ya zamani kidogo, ina ule mdomo wa bluu wenye vitundu vingi. Printa ninayo, ni ya leza. UPS sina, nilikuwa nayo ikafa nikaifanya kigoda. Naomba unishauri kama kwa mwanao, nina hiyo hela moja tu na sitaipata nyingine mpaka kikoba kijacho.

Mama Steshenari, Morogoro


JIBU

Marahaba mwanangu, na pole kwa mashine. Na hongera kwa kitu kimoja ambacho wateja wangu wengi hawakifanyi, umepiga picha karatasi ukarudi nyumbani na hela yako. Kwa sababu picha hizo ndo zimenipa jibu kabla sijamaliza kusoma barua, jibu lenyewe ni kwamba usinunue hata moja kati ya hizo mbili. Kadogo nakapenda, na kwa duka lako ningekuambia chukua kadogo, ila sio hako na sio kwa bei hiyo.

Ngoja nikuonyeshe. Hilo neno i5 wauzaji wamelifanya kama neno la baraka, ukilisikia unaona umeokoka. Lakini i5 ni kama kusema gari ni "Toyota saluni", ya mwaka gani? Unaangalia namba inayofuata. 4570, ile ya kwanza ni 4, yaani kizazi cha nne, hiyo prosesa (ubongo wa kompyuta) ni ya mwaka 2013. 6500T inaanza na 6, kizazi cha sita, ya 2015. Kwahiyo yule kijana alikuwekea babu na baba mezani akakuambia chagua bwana harusi.

Umri una shida gani wakati mashine inawaka? Shida ni Windows. Windows 10 Microsoft waliifungia msaada tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa prosesa za Intel wanazikubali rasmi kuanzia kizazi cha nane kwenda juu, ukiacha vichache sana. Sasa karatasi inasema i5 6500T na Windows 11, maana yake wameipandisha kwa mlango wa nyuma. Inawezekana, hata mimi nimeshaifanya sana tu, na itakufanyia kazi leo na kesho, ila Microsoft wenyewe wameshasema mashine ya namna hiyo hawaahidi kuipa apdeti. Kwa mtu anayeangalia muvi nyumbani ningesema haya endelea. Wewe unafungua imeli za watoto wa watu, unaingiza namba za NIDA, vyeti vya kuzaliwa, namba za benki za wazazi, flashi thelathini za wanachuo zinaingia hapo kwa siku na kila moja imetoka kwenye kompyuta kumi nyingine, hapana, wewe apdeti unazihitaji kuliko hata mimi.

Kwahiyo swali la dogo au kubwa liweke pembeni kwanza. Unatafuta mashine yenye i5 inayoanza na 8. Kwa hizi ndogo utakutana na 8500T, ya mwaka 2018, ina koa (vichwa vya kufanyia kazi) sita wakati ile 6500T ina nne. Ile T ya mwisho usiiogope, ni alama kwamba prosesa imetengenezwa kula umeme kidogo, wati 35 kwa makadirio ya kiwandani, ndo maana wanaweza kuifungia kwenye kiboksi kama hicho isiungue. Majina utakayokutana nayo ni Lenovo ThinkCentre Tiny kama M720q, HP EliteDesk au ProDesk Mini za G4, Dell OptiPlex Micro kama 3060 au 7060. Hizi zilinunuliwa kwa maelfu na mabenki na mashule huko Ulaya na Marekani, mikataba yao ikiisha zinatolewa zote kwa pamoja hata kama bado ni nzima, ndo zinafika Kariakoo. Kijana hajakudanganya hapo kwenye ofisi za Ulaya.

Sasa turudi kwenye laki mbili na sabini yako. Sehemu yake umelipia umri na SSD, na SSD (diski ya haraka isiyozunguka) ni haki kulipia, ile HDD ya kuzunguka asubuhi unaiwasha unaenda kufagia, unarudi bado inafikiria. Iliyobaki umelipia udogo wenyewe. Na udogo una thamani, ila thamani yake inapigiwa hesabu, haipigiwi macho.

Tuanze na umeme maana ndo wanaoupigia debe. Kadogo ka namna hii ukiwa unaandika na kufungua intaneti kanakula kama wati 15 mpaka 30. Sipiyu kubwa ya zamani kama ile 4570 inakula 50 mpaka 80 kwa kazi ile ile. Tuseme tofauti ni wati 50. Unafungua saa mbili asubuhi unafunga saa tatu usiku, masaa 13, hiyo ni uniti 0.65 kwa siku, siku 26 za kazi inakuja kama uniti 17 kwa mwezi. Uniti kwa tarifa ya kawaida ukishaweka na makato ni shilingi 350 na kitu, kwahiyo unaokoa kama elfu sita kwa mwezi. Elfu sita! Mwaka mzima ni elfu sabini na mbili. Ile tofauti ya laki mbili na sabini itarudi baada ya karibu miaka minne, na hapo mashine ishazeeka. Na umeme wa duka hautashuka nusu hata kwa dawa, kwasababu mlaji mkubwa hapo kwako sio kompyuta, ni mashine ya kopi na printa ya leza zinapopasha moto.

Ila kuna sehemu hao wauzaji wanaisahau na ndo kubwa kwako, umeme ukikatika. UPS ndogo ile ya kawaida ya 650VA ina betri moja ndani, volti 12 ampia 7. Ukiifungia sipiyu kubwa na monita unapata dakika kumi, kumi na tano, yaani muda wa kusevu na kuzima huku unatetemeka. Ukiifungia kadogo na monita ya LED unapata kama nusu saa kama betri ni nzima, hapo mtoto aliyekuwa ukurasa wa mwisho wa fomu ya mkopo unammalizia, anasabmiti, anakulipa, anaenda. Unajua mwenyewe tarehe za mwisho zinavyokuwa, mtandao umejaa tangu asubuhi, ndo umefanikiwa kuingia saa kumi jioni halafu giza. Nusu saa hiyo mi naihesabia hela nyingi kuliko uniti 17. Na siku ukiamua kufunga sola au inveta ndogo, betri ile ile itakubeba karibu mara mbili ya muda.

(Lakini sikiliza, printa ya leza usiichomeke kwenye UPS. Kamwe. Ikianza kupasha inavuta umeme wa pasi, UPS inalia halafu inazima kila kitu, na nahisi hata hicho kigoda chako kilikufa hivyo.)

Udogo mwingine unaolipa ni kaunta. Futi sita, nusu ina mashine ya kopi, iliyobaki ina monita, kibodi, steplaizer, kikombe cha kalamu na viwiko vya wanachuo. Hizi ndogo ni kama sentimita 18 kwa 18 na unene wa vidole viwili, kuna bamba la kuzifungia nyuma ya monita kama monita ina yale matundu manne ya skrubu. Nafasi itakayobaki unaweka mashine ya kulamineti ambayo najua sahizi iko sakafuni.

Mimi nikijumlisha hayo yote, kwa biashara kama yako udogo nauthaminisha laki moja, tukisukumana sana laki na nusu. Maana yake ukikuta mashine mbili za umri mmoja, kizazi kimoja, RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) sawa, SSD sawa, moja kubwa moja ndogo, ndogo ikizidi kwa laki moja lipa bila kinyongo. Ikizidi hapo unalipia urembo, na mume wako anakuwa na haki na dagaa wake.

Kuna na ya katikati ambayo hawakukuonyesha, ile sipiyu nyembamba inayolazwa, wanaiita SFF. Ya kizazi cha nane mara nyingi ni nafuu kuliko mini, inatumia RAM za desktopu za kawaida, pawasaplai iko ndani, na ukitaka unaongeza kadi. Ungekuwa na meza kubwa na umeme wa uhakika ningekupeleka huko moja kwa moja. Mwambie akuonyeshe ili tu umuone anavyopunguza bei ya mini.

Sasa ubaya wa kadogo, maana sitaki uje unilaumu.

Ka ndani ni laptopu isiyo na kioo. Ina feni moja ndogo na njia za hewa nyembamba. Nilishaletewa kamoja na mama mwenye steshenari kama wewe, alikafunga nyuma ya monita, pembeni yake mashine ya kopi inakapulizia hewa ya moto mwaka mzima, feni inalia kama bodaboda iliyokatika ekzosi. Nikafungua, vumbi la barabarani limechanganyika na unga wa tona limekuwa blanketi jeusi, ukilibandua linatoka zima kama ngozi ya mihogo. Tulipuliza, tukabadilisha ile krimu ya juu ya prosesa, kakanyamaza. Kwahiyo weka upande wa pili mbali na kopi, na kila miezi mitatu kapulizwe, skrubu ya nyuma ni moja au mbili tu kifuniko kinatoka, hata mwenyewe unaweza.

Pili kanaibika. Sipiyu kubwa mwizi ataonekana nayo barabarani, haka kanaingia kwenye pochi ya kuendea harusini. Pembeni kana katundu kadogo ka kufungia kufuli la waya, nunua hilo kufuli siku hiyo hiyo.

Tatu adapta. Umeme wake unatoka kwenye adapta ya nje kama ya laptopu, na hili mi naona ni zuri kuliko baya, ile hasira ya umeme iliyokuulia mothabodi mara nyingi hapa inaanza na adapta, unanunua nyingine mambo yanaendelea. Mara nyingi nimesema, sio kila mara, kwahiyo UPS iko pale pale. Ila adapta iwe yake. Dell hasa ana kipini cha katikati kwenye mdomo ambacho kinaisoma adapta, ukimchomekea ya mtaani anakuandikia kwenye kioo kwamba haitambui, halafu anajipunguza spidi makusudi, wewe unabaki unalaumu kompyuta nzito kumbe ni adapta ya elfu kumi na tano. Dai adapta ya jina lile lile, soma wati zilizoandikwa mgongoni, kwa 8500T ziwe 65 au zaidi.

Nne mothabodi ikifa imekufa, spea zake hazitoki kwenye sipiyu nyingine yoyote. Na kadi ya gemu humo haingii, lakini sidhani kama unapiga gemu na foleni iko nje.

Laptopu ya fundi wako nimeifikiria kwa haki. Betri ni hoja. Lakini laptopu inayochomekwa masaa 13 kila siku betri yake inachoka na nyingine zinavimba, na kibodi ikipigwa na watu watatu kwa zamu hukai mwaka hujaanza kuua chawa tena, kibodi ya nje elfu kumi na tano unatupa unanunua nyingine. Halafu laptopu ya dukani ikishavuka mlango jioni sio ya duka tena, inakuwa ya katuni na ya mpira.

Shemeji. Hahaha. Shemeji hajakosea kuhusu mashine, amekosea kuhusu duka. Mac mini ya M4 iliyotoka Novemba 2024 ni kitu kizuri kweli, ina RAM 16 hata ile ya chini kabisa, ni sentimita 12.7 kwa 12.7, ikiwa imekaa tu Apple wanasema inakula wati nne, nne mwanangu, hiyo ni taa ya chooni. Bei yake Marekani ilitoka kwa dola 599, ukizidisha kwa 2,600 ni kama 1,557,000 na hapo haijasafiri, haijapata faida ya mwenye duka, na ndani ya boksi hakuna kibodi, mausi wala kioo, ndo mila yao tangu Steve Jobs alivyoitoa ya kwanza Januari 2005 kwa dola 499, ulete vyako. RAM huongezi milele. Kitufe cha kuwashia wamekiweka chini ya tumbo, sijui walikuwa wanawaza nini. Kwa mtu anayeedit video au muziki hiyo hela inarudi. Wewe kadi zako za harusi na vyeti vya semina nina uhakika unatengeneza kwa Publisher, na Publisher kwenye Mac haijawahi kuwepo. (Hata kwenye Windows Microsoft wameshatangaza wanaiacha Oktoba 2026, kwahiyo mafaili yako ya Publisher yale ya muhimu anza kuyatoa kwenye PDF na kujifunza kuyatengeneza kwenye Word, hili ni la bure.)

Kuna na vile vidogo vipya vya Kichina vyenye prosesa ya N100, ya mwaka 2023, vinakula umeme kidogo sana na Windows 11 vinaikubali. Nguvu yake iko jirani na ile 6500T uliyoonyeshwa. Ukikipata kipya chenye RAM 16 kwa bei chini ya mini yuzdi sio ujinga kukichukua, mi tu roho inasita kwenye adapta na spea, na vingine RAM imegandishwa kwenye ubao huongezi kitu, na Windows iliyokuja nayo ningeifuta niweke safi kabla sijaingiza nywila ya mtu.

Basi hela yako tuigawe. Mini ya 8500T, RAM 8, SSD 256, usivuke ile ile laki sita na nusu aliyokutajia kwa 6500T, anza kwa laki tano umwambie ile ya kwanza ina babu yake kaburini. UPS mpya weka laki na nusu. RAM nyingine ya 8 iongezwe, ni zile ndogo za laptopu aina ya DDR4, usikubali kuuziwa ya desktopu haitaingia hata uikalie. Monita yako ya mdomo wa bluu usiitupe, huo ni VGA, ila hizi ndogo nyingi hazina VGA, M720q kwa mfano ina DisplayPort moja na HDMI moja, kwahiyo nunua kibadilishio cha kwenda VGA kwa elfu kumi na tano mpaka ishirini na tano na ukijaribu hapo hapo dukani. Waifai nayo uliza, za maofisini nyingi zilikuwa zinatumia waya zikaja bila kadi ya waifai kabisa, watu wanagundua wameshafika nyumbani. Ukimaliza hapo mume wako bado anapata rimu zake.

Dukani usisomewe karatasi. Mwambie awashe. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, nenda kwenye Performance, hapo jina la prosesa linaandikwa juu kulia, RAM inakuambia sloti ngapi zimetumika, diski inakuambia kama ni SSD kweli. Halafu izimwe iwashwe tena uingie kwenye BIOS (mipangilio ya mashine yenyewe kabla Windows haijawaka), Lenovo unagonga F1, HP ni F10, Dell ni F2, ikikuomba nywila na kijana akasema "haina shida dada hiyo", ina shida, imefungwa na ofisi ilikotoka, siku ukitaka kubadilisha Windows utamrudia na hatakukumbuka. Chomeka flashi kila tundu, yote, mbele na nyuma. Fungua video ya YouTube iache icheze dakika kumi wakati mnabishana bei, uweke mkono juu, vuguvugu ni sawa, ikipaa kelele iache. Na warantii iandikwe kwenye risiti na namba ya mashine ile ya mgongoni, hata kama ni mwezi mmoja.

Ukiwa pale kabla hujatoa hela piga picha ule ukurasa wa Performance unitumie, mchana huwa niko benchi simu iko karibu. Na shemeji mwambie Anko amekubali kabisa Mac mini ni nzuri, anunue ya kwake utakuja kuiona.

Anko Fundi